Siku Zikianza Kukatika: Maelezo ya Fundi Cherehani wa Ngamiani

Mwanamke akisimama mbele yangu nikiwa na futi mkononi, husema mambo ambayo hata dada yake hamwambii. "Fundi, hapa kiunoni niachie nafasi." "Fundi, bitana usinitilie, naungua." "Fundi, mkono uwe mfupi, nitajifunika mtandio." Nikimtazama umri, nishajua. Mimi mwenyewe siku zangu za hedhi zilikatikia kwenye cherehani hii hii, hapa Ngamiani, Tanga. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia wateja wangu, pamoja na yale niliyoelezwa na wauguzi na madaktari nikayaona yana kichwa na miguu.

Huku kwetu mwali akivunja ungo hupata somo wa kumfunda. Akifika umri wa hedhi kukoma hapati mtu. Ataambiwa, "Ndiyo utu uzima huo, vumilia." Sawa, yapo ya kuvumilia. Lakini mengine yana dawa, mengine yana mbinu za nyumbani, na machache ni ya hatari. Kazi yako ni kuyatenga.

Kwanza ujue kinachotokea. Ovari, vile vifuko viwili vya mayai, hupunguza kutengeneza homoni za estrojeni na projesteroni. Hazipungui kwa utaratibu: mwezi huu zinapanda, ujao zinaporomoka. Ndiyo maana hedhi inaruka, inarudi mara mbili, inakuja tele, inakuja tone. Hali hiyo inaweza kwenda miaka kadhaa. Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma ukitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, na kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55. Ikikatika kabla ya 40 usikae nyumbani kusubiri, nenda hospitali, kwa kuwa mifupa na moyo vimekosa kinga yake mapema mno.

Na usijiachie, mimba bado inaingia. Kama hujafika 50, endelea na uzazi wa mpango mpaka upite miaka 2 bila hedhi. Ukishavuka 50, mwaka 1 unatosha. Mtaani kwetu wamo vitindamimba waliolingana umri na wajukuu, na mama zao wote walidhani wameshamaliza.

Anza na daftari

Mteja wangu hapimwi kwa macho, naandika. Fanya hivyo hivyo. Chukua daftari la shule, chora safu: tarehe, damu (hakuna, tone, kawaida, nyingi), joto (saa ngapi, nilikuwa nafanya nini, nilikula nini), usingizi, na hali ya moyo, yaani hasira, huzuni, kusahau. Usiandike insha, neno moja moja linatosha. Ikipita miezi miwili au mitatu, utaona mwenyewe kinachokuamshia joto.

Kwa wengine ni pilipili. Kwa wengine kahawa chungu ya jioni au chai ya moto yenye tangawizi. Wengine ni hasira tu. Mteja wangu mmoja anayeuza vitumbua aligundua joto linampanda zaidi akikaanga jua likiwa limeshachomoza, kwa kuwa moto uko mbele na jua mgongoni. Sasa anakaanga alfajiri, amelihamisha jiko upande ambao upepo wa bahari unamfikia usoni, na binti yake ndiye anayemalizia kundi la mwisho. Joto halikwisha, ila halimtoi tena kwenye biashara yake.

Kagua nguo zako

Hapa nitakaa kidogo, ndiyo kazi yangu.

Joto lenyewe huanzia kifuani, linapanda shingoni na usoni, moyo unadunda, jasho linamwagika, halafu dakika chache baadaye unasikia baridi. Sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili imekuwa nyepesi kushtuka kwa sababu estrojeni imepungua. Mwili ukipata joto kidogo tu, unaamini umezidiwa. Kwa hiyo kila kitu kinachofungia joto mwilini ni adui, na hapa Tanga wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, tayari tunaoga jasho bila hata homoni kutuchezea. Tanga husemwa "waja leo waondoka leo". Joto hili halijui msemo huo. Linaweza kukaa nawe miaka.

Madera mengi yanayouzwa sasa ni poliesta. Yana maua mazuri, hayakunjamani, na yanakuchemsha. Muuzaji atakuapia ni pamba. Ukifika nyumbani chomoa nyuzi mbili za kitambaa upande wa ndani wa pindo, zishike kwa kibano juu ya sahani, washa kiberiti. Pamba inashika moto vizuri, inanuka kama karatasi iliyoungua, na inaacha majivu laini yanayosagika kidoleni. Poliesta inajikunja kuukimbia moto, inayeyuka, na inabaki punje ngumu nyeusi. Acha ipoe ndipo uiguse. Ukipata majivu na punje pamoja, kimechanganywa.

Ukienda kwa fundi mwambie hivi: kwapa lisibane, mkono uwe mpana, shingo iwe wazi kiasi, bitana hapana. Ukivaa buibui, ndani usivae shimizi ya nailoni. Shona gauni jepesi la pamba lisilo na mikono. Mtandio wa pamba pia, ule unaoteleza kichwani na kung'aa mara nyingi ndio unaochoma. Vaa nguo mbili nyepesi badala ya moja nzito, ili uwe na ya kupunguza. Na kuhusu kiuno, shona nguo mpya. Mafuta yanahama kutoka nyongani kuja tumboni umri huu, hata kwa mtu asiyezidisha chakula, na kujibana kwenye sketi ya zamani hakumrudishi mtu usichana.

Usiku lala juu ya khanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika, na nyingine kavu iwe kando ya mto, ubadilishe gizani bila kuwasha taa. Kikombe cha maji karibu. Feni kama unayo. Umeme ukikatika, kipepeo cha ukili hakijawahi kuharibika. Wengine hushuka kulala mkekani chini, sakafu ina ubaridi wake. Ila chandarua kishuke na wewe. Usikivue kwa ajili ya joto, malaria haina huruma na mtu anayekoma hedhi.

Jasho lisilo la hedhi

Hili watu hulipita haraka na ndilo linaloua. Si kila jasho la usiku ni la umri. Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, unapungua mwili, una homa za jioni, kapime kifua kikuu. Homa na maumivu ya viungo, pima malaria. Virusi vya Ukimwi navyo vinatoa jasho la usiku, na mtu mzima ana haki ya kujua hali yake kama kijana. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kukonda huku unakula, mwambie daktari aangalie tezi ya shingo. Kiu na kukojoa mara kwa mara, pima sukari.

Na yule anayelia bila sababu, anayemfokea kila mtu, asiyelala, msimkimbizie kwa mganga mkisema amepandisha. Homoni zikiyumba, moyo nao huyumba. Ikiwa huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili, hataki chakula wala watu, hiyo ni sonona na inatibika hospitali.

Chakula, jua na miguu

Estrojeni ilikuwa inalinda mifupa. Ikiondoka, mifupa hupoteza uzito kwa kasi katika miaka ya mwanzo. Mwanamke wa umri huu anahitaji kalsiamu kama miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, na glasi moja ya maziwa ina kama 300. Sisi wa Tanga kwa maziwa hatuna kisingizio, mtindi na maziwa freshi vimejaa mjini. Asiyepatana na maziwa ale dagaa na miiba yake. Ukiwatoa vichwa na miiba kwa ajili ya urembo, umetupa dawa. Ongeza ufuta, matembele, kunde, choroko. Tui zito punguza, wali wa nazi uwe wa siku maalumu. Najua, naongea na watu wa Tanga.

Punguza pia chumvi, na sukari ya kwenye chai, kwa kuwa baada ya hedhi kukoma shinikizo la damu hupenda kupanda na hatari ya ugonjwa wa moyo huongezeka. Pima presha hata kama huumwi. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi mara kadhaa, unahitaji daktari.

Jua: tunaojifunika tukitoka tunakosa vitamini D, na bila hiyo kalsiamu haifyonzwi vizuri. Keti uani asubuhi, mikono na miguu wazi, ukichambua mchele au ukiosha vyombo.

Baiskeli zetu ni nzuri kwa moyo na pumzi, hilo mji mzima unajua. Lakini mifupa inataka ibebe uzito wako: kutembea, kupanda ngazi, kunyanyua ndoo kwa mgongo ulionyooka. Jumla ya dakika 150 kwa wiki zinatosha. Jioni jua likipoa, tembea na mwenzio kuelekea Raskazone, mazungumzo yenyewe ni nusu ya dawa.

Chumbani

Ukavu ukeni, maumivu wakati wa tendo, mkojo kuchoma mara kwa mara: yote haya yanatokana na ngozi ya ndani kuwa nyembamba kwa kukosa estrojeni. Tafuta jeli ya kulainisha ya maji kwenye duka la dawa. Mafuta ya nazi wengine huyatumia, ila yanaharibu kondomu. Ikiwa haitoshi, ipo krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni ambayo daktari huandika.

Usiweke shabu. Usiweke ugoro, limao wala zile dawa za kusafisha kizazi zinazouzwa kwa simu. Ngozi ambayo tayari imekauka unaichubua, na mchubuko ni mlango wa maradhi. Udi choma kwa ajili ya nguo na nywele, uke una utaratibu wake wa kujisafisha.

Mume aambiwe, na si wakati wa ugomvi. Siku ametulia mwambie, "Baba Fulani, mwili wangu unabadilika, nikikugeuzia mgongo usiku ni joto, si wewe. Nenda nami polepole." Wengi wanaelewa, kinachowatesa ni kukaa wakibuni sababu zao.

Ukienda hospitali

Nenda bila kuchelewa ikiwa umeona damu yoyote, hata tone, baada ya mwaka mzima bila hedhi. Nenda pia ikiwa pedi inalowa kila saa kwa saa kadhaa, unatoa mabonge, unavuja zaidi ya wiki, au damu inatoka baada ya tendo. Mara nyingi ni jambo linalotibika, lakini saratani nayo huanza hivyo, na saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania.

Uchunguzi wake usiuogope. Mhudumu hupaka siki ya dawa kwenye mlango wa kizazi. Penye mabadiliko hugeuka weupe, na majibu unapewa hapo hapo. Kafanye kabla hedhi haijakoma, kwa sababu ikishakoma sehemu inayotakiwa kuonekana hurudi ndani na kipimo hiki hakiaminiki sana. Baada ya hapo kipimo cha HPV, virusi vinavyoleta saratani hiyo, kinafaa zaidi. Matiti yakaguliwe siku hiyo hiyo.

Joto likikuzidi nguvu, uliza kuhusu tiba ya homoni. Watu wanaiogopa kwa sababu ya utafiti mkubwa wa Marekani, Women's Health Initiative, ambao mwaka 2002 ulisimamisha sehemu yake moja mapema baada ya waliopewa estrojeni na projestojeni (dawa inayofanya kazi kama projesteroni) kuonekana kupata zaidi saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda. Lakini wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa kama miaka 63. Uchambuzi uliofuata ulitofautisha: kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, na anateseka, kwa kawaida faida huzidi hatari. Mwenye kizazi lazima apewe projestojeni pamoja na estrojeni, maana estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa kizazi na inaweza kuleta saratani. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kuganda damu au kiharusi, mwenye ugonjwa wa ini, au anayetoka damu isiyojulikana chanzo, atafutiwe njia nyingine. Zipo dawa zisizo za homoni, zikiwemo baadhi ya zile za sonona kwa dozi ndogo. Vidonge vya shoga yako usivimeze.

Anza kituo cha afya cha karibu, wakiona haja watakuandikia rufaa ya kwenda Bombo, hospitali ya mkoa wetu. Beba daftari lako, kadi ya bima kama unayo, na dawa zote unazotumia, pamoja na zile za mitishamba. Na mhudumu akikwambia ni umri tu, fungua daftari ukurasa wenye tarehe za damu, umwekee mezani, asome.