Jinsi ya kuomba usajili wa mwajiri kwa nyumba ya wageni Lamu

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba ya wageni, awe Shela au Lamu mjini, anayetaka kuajiri watu wake kihalali kabla kaskazi haijaleta wageni. Kujisajili hakuna ugumu mkubwa. Wengi hukwama kwa sababu wanakwenda ofisini bila kujua wanamwajiri nani, kwa kazi ipi na kwa miezi mingapi.

Kwa hiyo anza na daftari. Andika kila kazi: kupika, kufagia na kufua, ulinzi wa usiku, mashua. Kando yake andika miezi inayohitajika. Nyumba nyingi hufunga Mei na Juni, mvua na kusi vikikaza. Mpishi na mlinzi pengine utawahitaji mwaka mzima. Mfuaji wa pili labda Novemba hadi Aprili tu. Tazama na Ramadhani. Mwaka 2026 na 2027 inaanza Februari, wageni wakiwa wamejaa, basi zamu ya magharibi ipangwe mapema ili aliyefunga afuturu akiwa amekaa chini, si mbio mbio na sahani ya mgeni mkononi. Kila mtu ana haki ya siku moja ya kupumzika katika kila siku saba.

Hapa lazima niseme wazi jambo linaloniuma: kumweka mtu "kibarua" miaka na miaka. Kwa Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kibarua ni anayelipwa mwisho wa siku na kuajiriwa kwa muda usiozidi saa 24. Akishafanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, sheria humhesabu kuwa mfanyakazi wa mwezi, hata kama hukumwandikia chochote. Usingoje akudai.

Hatua ya pili ni mkataba. Kazi ya miezi mitatu au zaidi huandikwa. Taja majina, kazi, tarehe ya kuanza, muda, mahali, saa za kazi na mshahara. Wa msimu aandikiwe tarehe ya mwisho. Muda wa majaribio usizidi miezi sita. Asiyejua kusoma ni wajibu wako kumweleza mkataba kwa lugha anayoielewa, na atie sahihi au dole gumba mbele ya mtu mwingine asiyekuwa wewe. Kaeni barazani, msomee polepole. Mkifika kwenye saa za kazi, nyamaza kidogo. Hapo ndipo mlinzi atakapouliza, "Na nikikaa mpaka saa nne asubuhi mwenzangu hajaja?" Mkubaliane, jibu liandikwe papo hapo.

Sasa usajili. Uwe na kitambulisho, pini ya KRA (namba yako ya mlipakodi), cheti cha usajili wa biashara, leseni ya kaunti, na kwa kila mfanyakazi nakala ya kitambulisho, pini yake na namba zake za NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na SHA (bima ya afya). Asiye nazo atafute kwanza, maana mmoja tu asiyekamilika huchelewesha orodha nzima.

Ingia iTax, tovuti ya kodi ya KRA, kwa pini ya biashara, fungua sehemu ya kurekebisha taarifa za pini, uongeze wajibu wa PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara. Kisha jisajili kuwa mwajiri kwenye tovuti ya NSSF upate namba ya mwajiri, halafu ufanye vivyo hivyo SHA. Mtandao ukikusumbua, nenda kituo cha Huduma cha Lamu na karatasi zako zote.

Baada ya hapo kuna kazi ya kila mwezi. Tuseme mpishi analipwa shilingi 20,000. Unamkata NSSF asilimia 6, yaani 1,200. SHA asilimia 2.75, yaani 550. Na tozo ya nyumba asilimia 1.5, yaani 300. PAYE hakatwi, kwa kuwa kodi ya mshahara wa hadi 24,000 humezwa na nafuu ya 2,400. Bado jina lake liingie kwenye ritani, yaani taarifa ya kodi unayowasilisha kila mwezi. Anabaki na 17,950. Wewe unaongeza 1,200 za NSSF na 300 za nyumba, kwa hiyo mpishi huyo anakugharimu 21,500. Hesabu hiyo ndiyo ya kuandika daftarini, si 20,000. Lipa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na umpe mfanyakazi hati inayoonyesha kila kilichokatwa.

Chukua pia bima ya ajali kazini. Hasa kama una mashua, usiiahirishe.

Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi zenye malipo baada ya miezi 12. Mei na Juni ndiyo miezi mizuri ya kuitoa, lakini mkubaliane mapema na iandikwe. Kumwambia mtu "nenda nyumbani, tutakuita" bila malipo si likizo.

Wa msimu akimaliza, mpe cheti cha utumishi chenye tarehe alizofanya kazi na kazi aliyoifanya. Ni haki ya yeyote aliyetimiza wiki nne mfululizo. Mkataba wake uuhifadhi miaka mitano baada ya yeye kuondoka.