Jinsi ya Kuendesha Klabu ya Sayansi ya Jioni kwa Vijana wa Mombasa

Anayetaka kuanzisha klabu ya sayansi na teknolojia baada ya masomo mjini Mombasa hana budi kuanza na ratiba ya watoto kabla ya kuwaza vifaa. Wengi wao wakitoka shuleni huelekea madrasa. Wanaoishi Likoni wanasubiriwa na foleni ya feri. Na kwa kuwa jua huchwa muda mfupi baada ya saa kumi na mbili mwaka mzima, mzazi hatakubali kikao kinachovuta hadi Magharibi. Kwa hiyo zungumza na mwalimu mkuu, kisha na walimu wa madrasa zilizo karibu, mkubaliane juu ya siku moja au mbili zisizogongana na vipindi vyao. Maalim akishirikishwa mapema, huenda yeye mwenyewe akawahimiza watoto waje. Mwandikie kila mzazi barua ya ruhusa inayotaja saa ya kuanza, saa ya kumaliza na mtu mzima atakayekuwepo, na saa ya kumaliza iheshimiwe hata kama jaribio limenoga.

Wafadhili hupenda kununua roboti kwanza, kwa sababu roboti hupendeza pichani. Kwa maoni yangu, fedha hizo zisubiri. Kijana ambaye hajawahi kupima kitu kwa mkono wake ataichezea roboti kwa muda kisha ataichoka, ilhali mwenye swali lake atakitafuta kifaa mwenyewe.

Mada inayofaa kwa muhula wa kwanza ni chumvi ya maji, kwa kuwa nyumba nyingi za Mombasa zina malalamiko yake kuhusu maji ya kisima. Kila mwanafunzi alete chupa ya maji ya nyumbani, iliyobandikwa karatasi ya mahali na siku yalipotekwa, nawe uongeze chupa ya maji ya bahari na nyingine ya maji ya mvua. Tafuta betri ya volti 9, taa ndogo ya LED, rezista (kipande cha kupunguza umeme) ya omu 330 au karibu na hapo, nyaya na misumari miwili. Mafundi wa redio wanavyo, na pengine utapewa taa iliyotolewa katika kifaa kilichoharibika. Wanafunzi waunganishe vyote katika mzunguko mmoja, kisha watumbukize misumari katika gilasi ya maji, ikiwa imeachana kwa sentimita mbili hivi. Katika maji ya bahari taa huwaka vizuri. Katika maji ya mvua huwa hafifu mno au haiwaki kabisa, kwa sababu umeme hupitishwa na ayoni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, za chumvi iliyoyeyuka. Watauliza juu ya vipovu vinavyotoka kwenye misumari, nao waachwe waulize, ila jaribio lifanyiwe mahali penye hewa na lisichukue muda mrefu, maana katika maji ya bahari sehemu ya gesi hiyo yaweza kuwa klorini.

Hapo ubishi utazuka: taa ya kisima hiki imeng'aa kuliko ya kile, au la? Usiukate haraka. Wakishatambua kwamba macho hayatoshi, walete mita ya fundi wa umeme, wapime mkondo kwa miliampia, na waandike kila namba katika daftari la klabu kwa wino, hata ile inayoonekana kuwa na kasoro. Kipimo cha pili hupatikana kwa kuchemsha lita moja ya maji ya bahari hadi yakaribie kukauka, kuyamalizia juani, na kupima kilichobaki kwa mizani ya duka. Maji ya bahari kuu huwa na takriban gramu 35 za chumvi kwa lita; namba yenu ikitofautiana na hiyo, mmepata swali la kikao kinachofuata.

Muhula wa pili unaweza kuwa wa maji kujaa na kupwa. Maji hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo yakijaa leo saa kumi jioni, wiki ijayo saa iyo hiyo yatakuwa yamekaribia kupwa. Watoto wa wavuvi huenda wakaijua bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa sana) na maji mafu (siku ambazo hujaa na kupwa kidogo) kuliko mwalimu. Wapewe nafasi ya kufundisha.

Kompyuta ije sasa, kukiwa na namba za kuingizwa. Moja iliyokwisha kutumika inatosha kikundi cha watu watano, na programu ya Scratch, ya kuwafundishia watoto kuandika programu za kompyuta, ambayo ni ya bure, ikishapakuliwa hufanya kazi bila intaneti. Panga zamu za kibodi kwa majina, kwani zisipopangwa wavulana huikalia na wasichana wakaachiwa daftari. Kwa msaada wa kiufundi, andikia mapema Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichoko Tudor, ukiomba wanafunzi wa kujitolea. Mradi ukikomaa, uandikishe katika Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, ambayo huanzia ngazi ya kaunti ndogo, na wanafunzi waende na daftari lile lile la wino, pamoja na makosa yake.