Anwani ya kudumu kwa seva ya Debian, tangu wakati wa kusakinisha

Kisakinishi cha Debian (mfumo endeshi wa aina ya Linux) hujiombea anwani ya IP (namba inayoitambulisha mashine kwenye mtandao) kwa DHCP, yaani utaratibu wa ruta kugawa anwani, bila kukuuliza. Kwa laptopu ni sawa kabisa. Kwa seva sishauri: siku ruta ikigawa anwani nyingine, kompyuta zote za ofisini zinaipoteza seva. Ukifika skrini inayouliza jina la mashine, usijaze. Chagua "Go Back", kisha "Configure network manually". Hapo utaandika mwenyewe IP, netmask (inayoonyesha ukubwa wa mtandao), geti (anwani ya ruta) na DNS (seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani). Muhimu sana: chagua anwani iliyo nje ya fungu linalogawiwa na ruta, la sivyo vifaa viwili huenda vikagongana kwa kutumia anwani moja. Wanaosakinisha mashine nyingi waongeze netcfg/disable_autoconfig=true kwenye amri ya kuwashia kisakinishi; DHCP haitajaribiwa kabisa.