Mwembe ukianguka uani usiumalizie kwenye kuni, pasua mbao

Jamani gogo la mwembe likianguka na mvua msilikimbizie kwenye mkaa, hilo linatoa mbao nzuri tu za stuli na shelfu, ila msilichelewe maana mwembe unaingiwa na wadudu na ukungu haraka sana. Kwanza paka rangi ya mafuta iliyobaki kwenye ncha zote mbili siku hiyohiyo, maji yakitokea kwenye ncha kwa kasi ndo nyufa zinaanza. Halafu toa maganda ukague misumari, miti ya uani huwa imepigiliwa kamba za nguo miaka na miaka, ukiona doa jeusi la bluubluu hapo kuna chuma ndani, kwepa.

Msumeno uwe ule wa kupasulia, meno yake yamenolewa kama patasi, wa kukatia utakuchosha bure. Chovya uzi kwenye oil chafu, ukaze kutoka ncha hadi ncha, uvute uachie, mstari unakaa, na upige juu na chini ili mwenzio anayevuta msumeno akiwa chini ya gogo, wewe ukiwa juu yake, naye aone anakoenda. Msumeno ukianza kubanwa gonga kabari ya mti nyuma yake, usilazimishe.

Pasua mbao za unene wa inchi 1 na robo, zikikauka na kupigwa randa unabaki na inchi 1 kamili. Panga kivulini na vijiti katikati, kijiti juu ya kijiti mstari mmoja, weka mawe juu.