Git: kuhamia switch na restore, na kutatua ile eror ya safe.directory

Kama unatumia Git, programu ya kutunza historia ya kodi yako, na bado unatumia git checkout kwa kila kitu hebu anza kubadilika, maana toka vesheni ya 2.23 iliyotoka Agosti 2019 kazi zake ziligawiwa komandi mbili zinazoeleweka, switch na restore. Cheki kwanza unayo ipi kwa kuandika git --version, ikiwa ya chini ya hapo apdeti.

Kuhama branchi (tawi la kazi ndani ya mradi) ni git switch jina-la-branchi, kutengeneza mpya unaongeza -c, mfano git switch -c malipo, alafu ukitaka kurudi ulikotoka ni git switch - (kistari tu) basi. Kufuta mabadiliko ya faili ambayo hujayaadd (hujayaandaa kwa git add) ni git restore index.html, ila hapa kuwa makini sana ndugu yangu, yakishaenda Git haiwezi kukurudishia. Na kama ulishaiadd faili unataka kuitoa tu bila kugusa kazi yako, ni git restore --staged index.html, hii ndo naipenda kuliko zote.

Sasa ile eror ya safe.directory, ilikuja na fiksi ya usalama ya vesheni 2.35.2, Aprili 2022. Git ikikuta folda ya mradi inamilikiwa na yuza mwingine inagoma, kwa sababu kwenye mashine ya watu wengi mtu angeweza kukutegea konfigi yake ikaendesha komandi kwa jina lako. Una uhakika folda ni salama? Andika git config --global --add safe.directory /njia/ya/mradi. Ile nyota ya kuruhusu mafolda yote, yaani kuweka '*' badala ya njia ya mradi, achana nayo, inaizima kinga yenyewe.