Somo: Kalsiamu inavyoiamsha tezi ya adrenali itoe aldosteroni

Assalaam alaykum. Kila mtihani ukikaribia suala ni lile lile: kalsiamu inaingia wapi kwenye homoni za adrenali? Naandika leo mara moja, na atakayeuliza tena nitamleta hapa. Nimechukua aldosteroni, homoni inayoiambia figo ibakishe sodiamu na itoe potasiamu, kwa sababu ndiko kazi ya kalsiamu inakoonekana wazi zaidi.

Hatua ya 1. Tezi imekaa juu ya figo. Gamba lake lina tabaka tatu: la nje hutoa aldosteroni, la kati kotisoli, la ndani androjeni.

Hatua ya 2. Kalsiamu iliyo huru nje ya seli inaizidi ya ndani kwa takriban mara 10,000. Mlango wa kwenye utando wa seli ukifunguka kidogo tu, inaingia yenyewe.

Hatua ya 3. Presha ikishuka, figo hutoa kimeng'enya cha renini, na mwisho wa mlolongo hupatikana homoni ya angiotensini II. Hii hushika kipokezi cha AT1, ndani ya seli huzalishwa kijumbe kiitwacho IP3, na IP3 hufungulia kalsiamu iliyohifadhiwa humo humo ndani. Milango ya kwenye utando hufuatia.

Hatua ya 4. Potasiamu. Hapa someni polepole, maana ndipo wengi wanapopotea. Utakuta mtu kaandika "potasiamu huingia na kuivuta kalsiamu". Siyo. Seli ya tabaka la nje ikiwa imetulia, potasiamu huvuja kutoka ndani kwenda nje, na kuvuja huko ndiko kunakoufanya upande wa ndani uwe hasi. Potasiamu ya damu ikipanda, hata kwa nusu milimoli kwa lita, tofauti ya nje na ndani hupungua, uvujaji hulegea, na uhasi nao hupungua. Milango ya kalsiamu inayofuata umeme, aina ya T ikitangulia na ya L ikifuata, hufunguka. Kinachoingia ni kalsiamu.
Tahadhari: njia hii haihitaji renini, kwa hiyo usichore mshale kutoka potasiamu kupitia angiotensini. Tena usiiite milango hii pampu. Pampu hutumia nishati kusukuma. Hapa kalsiamu inateremka tu.

Hatua ya 5. Kalsiamu hushikana na kalmodulini, protini ya ndani ya seli, na kuamsha vimeng'enya vinavyoitia nguvu protini ya StAR. Fikirieni karafuu zilizojaa ghalani Wete bila chombo cha kuzivusha hadi Unguja: lehemu (kolesteroli), malighafi ya homoni hizi, ipo tele kwenye utando wa nje wa mitokondria, lakini kazi inafanyika utando wa ndani. StAR ndiyo inayovusha. Ng'ambo, kimeng'enya cha CYP11A1 huigeuza lehemu kuwa pregnenoloni. Kichocheo kikiendelea kwa saa nyingi, kalsiamu hiyo hiyo huongeza CYP11B2, kimeng'enya kinachokamilisha aldosteroni.

Hatua ya 6. Homoni hutoka ikishatengenezwa, haiwekwi akiba. Figo hubakisha sodiamu na kutoa potasiamu.

MASUALA YA WANACHAMA

Kijana wa Mkoani: Kwa hiyo nikinywa maziwa mengi homoni zitapanda?
Jibu: Hapana. Kalsiamu ya damu inadhibitiwa na homoni ya paratiroidi. Kinachobadilika hapa ni ya ndani ya seli. Rudi hatua ya 2.

Bi Mchangani: Mwalimu, shikamoo. Na kotisoli je? Tulifundishwa ACTH, homoni ya pituitari inayoamsha kotisoli, hutumia kijumbe cha cAMP ndani ya seli.
Jibu: Marahaba mwanangu, suala zuri sana. Ni kweli, cAMP ndiyo njia kuu huko. Lakini seli zikiwekwa kwenye maji yasiyo na kalsiamu, mwitikio wao kwa ACTH hudhoofika. Njia mbili hizo zinasaidiana.

Mwanachama mpya: Nipe kwa ufupi, sina muda wa kusoma yote.
Jibu: Hatua ya 4. Isome mara mbili.

Yakhe wa Chake: Mama anatumia amlodipini ya presha. Si ndiyo inafunga milango hiyo?
Jibu: Yakhe, umefikiri vyema. Inafunga aina ya L, ila faida yake kubwa ni kulegeza mishipa ya damu. Asiiache bila daktari. Na tazama upande wa pili: mwaka 2011 ilibainika kuwa baadhi ya vivimbe vya adrenali vina hitilafu katika jeni ya KCNJ5. Mlango wa potasiamu unaanza kupitisha sodiamu, uhasi unapungua, kalsiamu inaingia bila kuitwa, na aldosteroni inamwagika. Mgonjwa anapata presha isiyosikia dawa za kawaida. Mwaka 2013 ikaonekana hitilafu kwenye mlango wa kalsiamu wenyewe, jeni ya CACNA1D.

Fundi wa maabara: Niongeze. Wakati wa kutoa damu ya kipimo, mkifunga mkono kwa nguvu na kumwambia mgonjwa akunje ngumi mara kwa mara, potasiamu itasoma juu kwa uongo. Damu iliyopasuka chembe nayo vivyo hivyo.
Jibu: Ahsanta sana. Walio wodini wanakili hilo.

Bi Mchangani: Na madafu? Bibi yangu ana maradhi ya figo na anayapenda.
Jibu: Madafu yana potasiamu nyingi. Figo nzima, aldosteroni ikipanda, huitoa. Figo iliyochoka haiwezi, na potasiamu ikizidi hugusa moyo. Kabla hajanywa tena, muulize daktari wake na umwonyeshe kipimo cha karibuni.