Kiingereza cha bubu: ukienda China kufundisha mazungumzo chuoni

Wachina wenyewe wana jina la ugonjwa utakaoukuta darasani: yaba yingyu, Kiingereza cha bubu. Kijana anaingia chuo kikuu akiwa amesoma Kiingereza tangu shule ya msingi. Amepita gaokao, mtihani wa kuingia chuo, ambamo Kiingereza kina alama 150, sawa na hisabati na Kichina chenyewe. Ana msamiati ambao wewe mwenyewe utaenda kuuchungulia kwenye kamusi. Kisha unamuuliza Jumamosi alikuwa wapi, anainamia meza kana kwamba jibu limeandikwa pale.

Nimefundisha somo la mazungumzo ya Kiingereza, wanaliita kouyu, kwa miaka mitatu katika chuo kimoja mkoani Hunan. Kila mwezi sikosi ujumbe kutoka Dar, Nairobi au Kampala: dada, na mimi nawezaje kuja? Haya hapa majibu yangu yote kwa pamoja.

Tuanze na karatasi, maana ndipo watu wetu wanapoumia. Kazi ya ualimu inataka viza ya Z, na viza hiyo inatanguliwa na barua ya kibali cha kazi ambayo mwajiri anaiombea akiwa China. Wakala akikwambia uingie kwa viza ya biashara au ya utalii halafu "mtabadilisha hukohuko", kata simu. Sheria ya uingiaji na utokaji iliyoanza kutumika Julai 2013 inamtoza mgeni anayefanya kazi bila kibali faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito anawekwa ndani siku 5 hadi 15. Wakala hatalala ndani na wewe.

Na nisikufiche: kanuni za kibali zinataka mwalimu wa lugha afundishe lugha yake ya mama, na shahada yake iwe ya nchi inayoizungumza lugha hiyo. Kwa tafsiri yao, Tanzania, Kenya na Uganda si nchi za namna hiyo, hata kama umefundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Wanaopita ni wale wenye shahada ya ualimu au ya lugha, hasa iliyosomewa Uingereza, Marekani au nchi nyingine ya kundi hilo, na hata hapo mkoa mmoja unakubali, mwingine unakataa. Mimi nilikuwa na uzamili wa kufundisha Kiingereza kutoka Uingereza, na bado karatasi zangu zilirudishwa mara mbili. Muulize mwajiri swali moja la wazi: mmewahi kumwombea kibali Mwafrika mashariki akapata? Akianza kuzungukazunguka, umeshajibiwa.

Kama uko huko kwa viza ya masomo, usiguse kazi ya kulipwa mpaka chuo chako kikupe idhini na idhini hiyo iingizwe kwenye kibali chako cha ukaazi. Vituo vya tuisheni vya mitaani, vilivyokuwa vikiokota kila mgeni, vilipigwa rungu na serikali Julai 2021, na vingi vikafungwa. Usijenge maisha yako juu ya hivyo. Kuna mlango mwingine wa pembeni ambao wengi hawaufikirii, nao ni Kiswahili. Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing kinakifundisha tangu 1961, na kwenye lugha hiyo hakuna wa kukuuliza kama wewe ni mzawa wake. Nafasi ni chache, lakini zipo.

Ukishafika, jiandikishe polisi ndani ya saa 24, na uombe kibali cha ukaazi ndani ya siku 30. Ofisi ya wageni ya chuo, waiban, kwa kawaida inakupeleka. Wafuatilie. Yakiharibika, pasipoti yenye kasoro ni yako.

Kalenda yao ina mitego. Mwaka wa kwanza huanza na mafunzo ya kijeshi, kwa hiyo unaweza kuandaa somo la Septemba ukakuta wanafunzi wako wako uwanjani wanapiga kwata. Sikukuu ya taifa ya tarehe 1 Oktoba inakuja na wiki ya mapumziko, halafu mapumziko hayo unayalipa kwa kufundisha Jumamosi au Jumapili. Mchana, kuanzia saa sita hadi saa nane, chuo kizima kinalala. Usimpigie mtu simu saa hizo.

Tafuta mapema kujuana na banzhang, monita wa darasa. Yeye ndiye anayejua chumba kimehamishwa, nani mgonjwa, na kwa nini leo wamekuja kumi na mbili tu. Mawasiliano yote ni WeChat. WhatsApp, Google na YouTube zimezuiwa, kwa hiyo video ya somo ipakue kabla na uibebe kwenye flashi. Usiamini kwamba "intaneti ya chuo itakuwa na namna".

Sasa darasani. Utapewa watu 35 hadi 45, madawati yamepigiliwa sakafuni, na Hunan iko kusini, ambako majengo hayana mfumo wa joto wa pamoja kama kaskazini. Januari wanakaa na makoti, glavu, na kila mmoja na chupa yake ya maji ya moto. Ukisimama mbele ukauliza, "Nani ana maoni?", utasikia upepo tu. Nilifikiri hawanipendi. Baadaye nikaelewa kuwa kimya kile ni hofu ya kuumbuka, na hofu hiyo sisi tunaijua vizuri. Kumbuka ulivyokuwa kidato cha kwanza, mwenzako alipokosea "he" na "she" darasa likacheka, ukaapa hutanyosha mkono tena.

Kwa hiyo usiulize darasa zima chochote. Wape swali, dakika mbili za kuandika maneno matatu tu, si sentensi, kisha kila mtu amwambie jirani yake. Kisha wabadilishane jirani. Halafu ndipo umchague mtu, lakini usimuulize anachofikiri yeye, muulize jirani yake amesema nini. Hapo mdomo unafunguka, kwa sababu wazo likiwa bovu si lake. Njia hiyo imenisaidia kuliko kitabu chochote cha mbinu.

Nyingine ni kurudia hadithi kwa muda unaopungua: dakika nne kwa mtu wa kwanza, tatu kwa wa pili, mbili kwa wa tatu. Hadithi ni ileile. Mara ya tatu wanaongea haraka bila kujua, kelele zinajaa chumba, na mwalimu wa darasa la jirani anakuja kuchungulia kuna nini. Yangu iliyofaulu kuliko zote ilikuwa chakula cha kwao. Mhunan na Msichuan kuhusu pilipili ya nani ni kali ni kama Mpemba na mtu wa Tanga kuhusu pweza: huna kazi zaidi ya kuangalia saa. Siasa na dini ziache nje ya mlango. Mkataba wako utakuwa na kifungu kuhusu hilo, na wanakimaanisha.

Kusahihisha, usimkate mtu katikati. Tembea na daftari, andika makosa unayoyasikia, na dakika kumi za mwisho weka sentensi tano ubaoni bila jina la mtu. Wazirekebishe wenyewe. Mwenye sentensi yake atajijua na atanyamaza, na heshima yake itabaki mahali pake.

Matamshi ndiyo sehemu ambayo mwalimu kutoka kwetu anawashinda wengi, kama atakubali kuitumia lugha yake badala ya kuificha. Silabi ya Kichina sanifu huishia kwa irabu, au kwa n na ng, na mara chache r, basi. Ndiyo maana "good" inakuwa "gude", au ile d inamezwa kabisa. Mwalimu kutoka London anashangaa. Mimi nikaandika ubaoni: bank, benki, blanket, blanketi, cupboard, kabati. Nikawaambia, sisi pia tuliona konsonanti zinaning'inia uchi mwishoni tukazivisha irabu. Walicheka kweli, kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze. Kisha tukafanya mazoezi ya kuzivua.

Sauti ya "th" hawana, wanasema "sank you". Sisi tunayo kwenye thelathini na dhahabu. Nimefundisha madarasa mazima kusema "thelathini na tatu" kabla ya kuwapa "thirty-three", na ulimi ukishazoea kwa Kiswahili, ambako hawana aibu kwa sababu hakuna anayewapa alama, unahamia kwenye Kiingereza bila ugomvi. (Kama wewe ni wa "selasini na tatu", jirekebishe kwanza kimyakimya.) "Very" wataitamka "wery". Na kila mkoa una lake: Hunan wengi wanachanganya n na l, h na f, hadi utani maarufu ni kwamba hawawezi kulitaja jina la mkoa wao, wanasema "Fulan". Usiwacheke. Kwetu kuna wanaokula "wari" badala ya wali.

"He" na "she" watazichanganya mpaka wahitimu, maana katika kuongea zote ni tā. Waambie kwetu pia zote ni "yeye". Hesabu kubwa ni shida nyingine. Wao wanahesabu kwa wan, yaani elfu kumi, hivyo 350,000 kwao ni wan 35, na milioni ni wan mia moja. Mwanafunzi anasema "thirty-five thousand" kwa kujiamini, na hapo mkataba umeshaharibika. Kila wiki nilikuwa natoa dakika tano za bei: nyumba, gari, idadi ya watu wa mji, wanatamka mbiombio.

Watakuuliza kama wewe ni "native speaker". Sema ukweli: Kiingereza ni lugha yangu ya pili, au ya tatu, nilijifunza darasani kama nyinyi, na nilikosea kama nyinyi. Usijitie lafudhi ya Marekani. Niliwahi kumwona mwenzetu mmoja akiigiza, kufikia Novemba sauti ilikuwa imechoka na wanafunzi wamegundua.

Ugumu mkubwa zaidi ni kwamba somo lako haliwapi cheti wanachokitafuta. Mtihani wa Kiingereza wa vyuo, CET-4, una alama 710, wao wanapigania 425, na sehemu ya kuongea ni ya hiari, inafanywa mbali na mtihani wenyewe. Kwa nini wahangaike? Hapo nilitumia ramani. Kampuni za Kichina ndizo zilizojenga reli ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa 2017, na wahitimu wa uhandisi na biashara wanapelekwa huku kwetu kila mwaka. Kiingereza watakachozungumza hakitasikilizwa na mtu wa Boston, kitasikilizwa na fundi wa Kitengela na mwenye duka la vifaa Kariakoo. Tulifanya maigizo: saruji imechelewa, dereva anadai posho, ofisa wa bandari anataka karatasi ambayo haipo. Fundi nilikuwa mimi. Sikuwahurumia.

Majina. Utawakuta Apple, Rain na Sunny. Walimu wengine huwabadilisha. Mimi, binamu yangu anaitwa Masika na shangazi yangu Tabu, sikuona la kucheka. Lakini jifunze na majina yao ya Kichina, angalau ya nusu ya darasa. Na wakikuita tu "Teacher", usiudhike. Ni tafsiri ya laoshi, neno lao la mwalimu, kama vile kwetu mtoto asivyosema jina lako bali "Mwalimu".

Kuhusu rangi. Watakuomba picha, wataomba kushika nywele, watakuuliza kama Afrika ni joto siku zote. Wengi ni udadisi, na somo la kuongea ndilo mahali pa kuujibu. Kuna ubaya wa kweli pia: nimewahi kukataliwa kazi ya pembeni baada ya kutuma picha, siku moja tu baada ya kusifiwa kwa simu. Utasikia pia neno "neige", linalofanana na tusi la Kiingereza kwa mtu mweusi, likirudiwa kwenye basi na kugeuka kwa hasira. Tulia. Maana yake ni "ile", na wanaitumia kujazia pengo la kufikiri, kama sisi tunavyosema "nanii".

Mtihani wa mwisho panga mapema. Wanafunzi 40 kwa dakika tano kila mmoja ni dakika 200, na hutapewa. Wapime wawiliwawili, wachomoe kadi ya mada, ongea nao kidogo kabla ya kuanza kutoa alama, na uzigawe zamu kwenye wiki mbili. Rekodi kila jozi kwenye simu na utunze sauti hadi muhula unaofuata, kwa sababu ofisi ya taaluma inaweza kudai ushahidi wa alama, na mzazi pia. Wanaosubiri zamu usiwaache kwenye korido la Januari. Waingize wakae nyuma na chupa zao za maji ya moto, wakisikiliza.